Kupima VVU: kituoni, kwenye hema au chumbani kwako?

Mlangoni mwa chumba cha ushauri nasaha watu hawasemi "VVU". Wanasema "ile". "Samahani dada, nimekuja kupima ile." Wengine huja na malaria ya kusingizia, mlango ukishafungwa ndipo wanashusha sauti. Nilijitolea kwenye chumba kama hicho kwa muda, kazi yangu ikiwa kuandikisha na kupanga foleni. Kabla ya hapo nilishakaa upande wa pili wa meza, kidole kimetobolewa, macho kwenye bango la uzazi wa mpango ambalo nililisoma mara nne bila kuelewa hata mstari. Kwa hiyo mtu akiniuliza "nikapime wapi?" simtajii kituo haraka. Namuuliza kwanza: majibu yakitoka, ungependa nani awe pembeni yako?

Kutoboa kidole au kupitisha kijiti kwenye fizi ni jambo la sekunde popote utakapokwenda. Kinachotofautiana ni zile dakika za kusubiri, na kesho yake.

Hapa nazungumzia Tanzania Bara, ambako mtu wa kawaida ana njia tatu: kituo cha afya, huduma ya jamii inayofuata watu walipo (wengi tunaiita hema, hata ikiwa ni gari au darasa la shule), na kujipima mwenyewe.

Kabla ya kuchagua

Kama kilichokutia hofu kimetokea ndani ya saa 72 zilizopita, labda kondomu imepasuka, umebakwa, au umechomwa na sindano kazini, acha kulinganisha. Nenda hospitali au kituo cha afya leo hii uulize PEP, dawa za kuzuia maambukizi. Huanzwa mapema kadiri inavyowezekana, mwisho saa 72, na humezwa kwa siku 28. Kupimwa utapimwa hukohuko.

La pili ni kipindi cha dirisha. Vipimo hivi vya haraka havimtafuti kirusi mwenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufikia idadi ya kuonekana. Ukipima Jumatatu kwa ajili ya jambo la Jumamosi, majibu yanakueleza habari za miezi iliyopita. Jumamosi yenyewe bado haijulikani. Ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya miezi 3. Hilo halikwepeki kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, ingawa kipimo cha majimaji ya kinywani, kile cha kijiti, huchelewa kidogo kuona kuliko cha damu.

Nitapima kwa vigezo gani

Vinne. Usiri: nani atakuona na nani atajua. Uhakika: majibu yanatosha, au kuna hatua nyingine mbele yake? Gharama na muda, nauli na siku ya kazi vikiwamo. Mwisho ni kesho yake: majibu yakiwa mazito, kutoka pale hadi kwenye dawa kuna hatua ngapi? Mimi hiki cha mwisho nakipa uzito kuliko vyote, na nasema mapema ili ujue ninakoelemea. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wenye VVU wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa, yaani dawa imevishusha vikabaki vichache mno. Ukishajua na ukashikwa mkono, mambo mengi huenda. Tunapopoteza watu ni kwenye mlango wa kwanza.

Kituo cha afya au hospitali

*Usiri.* Ndani ya chumba, usiri upo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda majibu yako na inakataza kumpima mtu kwa lazima isipokuwa katika mazingira machache, kama amri ya mahakama. Tatizo ni korido. Zipo zahanati ambazo benchi la kusubiri kupima linatazamana na dirisha la dawa, na nusu ya wanaochukua dawa wanauza nyanya soko moja na mama yako. Niliwahi kumsikia mhudumu, katika kituo ambacho sikitaji, akipaza sauti: "Wa kupima wakae huku!" Watu watatu walisimama wakaondoka. Siku hizi hata aliyekuja kituoni kwa ugonjwa mwingine anaweza kushauriwa apime, kwa hiyo kuingia chumba kile hakumaanishi kitu. Ila nenda kamwelezee hivyo jirani yako.

*Uhakika.* Hapa ndipo kituo kinapozishinda njia nyingine. Tone la damu, kama robo saa, majibu. Kipimo cha kwanza kikiitika, yaani kikiona kingamwili, damu yako inapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine palepale. Hakuna anayetakiwa kukuambia unaishi na VVU kwa kipimo kimoja. Akikuambia hivyo, omba urudiwe.

*Gharama na muda.* Kwenye vituo vya serikali kupima ni bure. Unacholipa ni nauli na asubuhi yako. Ukiwahi saa mbili kamili unaweza kutoka saa tatu, na ukifika siku ya kliniki ya wajawazito jiandae kushinda. Hospitali na maabara binafsi huwa na kasi zaidi kwa bei yao, lakini uliza mapema: kipimo kikiitika, wanathibitisha wenyewe au wanakuandikia barua uende kwingine?

*Kesho yake.* Tangu mwishoni mwa 2016 kila anayekutwa na VVU anatakiwa kuanzishiwa dawa bila kusubiri CD4, chembe za kinga ya mwili, zishuke, na mtu akiwa tayari anaweza kuanza siku ileile. Kliniki ya tiba na matunzo, CTC, mara nyingi iko kwenye uzio uleule. Mnasihi anaweza kuinuka akutembeze hadi mlango wa pili. Hatua hizo hamsini si kitu kidogo. Nimeona watu walioambiwa "njoo Alhamisi" wakaja baada ya mwaka, wamebaki mifupa.

*Humfaa* mwenye dalili zinazomtia wasiwasi, mjamzito, wenza wanaotaka kupima pamoja, na yeyote anayehisi majibu yatakuwa mazito asingependa kuyasoma peke yake.

Hema

Hili tunalijua wote. Utalikuta kwenye mkesha wa Mwenge, viwanja vya Nane Nane, mnadani, mgodini, mwalo wa samaki, na kila Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani. Kupima hadharani kuna historia yake hapa kwetu. Julai 14, 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima mbele ya watu Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji. Mwaka 2018 ikaja Furaha Yangu, iliyowalenga zaidi wanaume, kwa kuwa wanaume ndio tunaokimbia sindano.

*Usiri.* Wa aina yake. Unaonekana ukiingia, lakini umo kwenye kundi, na kundi ni pazia. Bodaboda sita wakiingia mmoja baada ya mwingine huku wakitaniana, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Ugumu uko wakati wa kutoka. Aliyekaa ndani dakika tano na aliyekaa dakika arobaini wanahesabiwa na waliobaki nje. Wanasihi wazoefu wanalijua hili, humweka ndani kidogo hata aliye salama ili muda usitoe siri. Kama hema unaloliona halina mlango wa pili wala pazia zito, na unawajua walio nje, una haki ya kupita tu.

*Uhakika.* Wahudumu wamefunzwa, kipimo ni kilekile cha damu, na uthibitisho mara nyingi hufanyika hapohapo. Ushauri ndio hupungua foleni ikiwa ndefu na muziki ukivuma nje.

*Gharama na muda.* Bure, na hakuna nauli. Mvuvi anayelala mchana na kufanya kazi usiku hema linalofunguliwa saa moja jioni linamfaa kuliko kituo kinachofungwa saa tisa.

*Kesho yake.* Keshokutwa hema halipo. Ukikutwa na maambukizi unapewa rufaa, na ubora wa huduma nzima unategemea kama yuko mtu wa kukusindikiza au umepewa karatasi tu ukaiweke mfukoni. Tangu misaada ya Marekani ilipotikiswa mwanzoni mwa 2025, kazi za ngazi ya jamii ndizo zilizoumia mapema, kwa hiyo usichukulie kwamba msindikizaji yupo. Uliza kabla hujatoboa kidole: "Nikikutwa nayo, nani ananipeleka, wapi, lini?" Wakijibu kwa jina la mtu na kituo, kaa.

*Humfaa* asiye na siku ya kupoteza, anayeishi mbali na zahanati, na kijana anayepata ujasiri akiwa na wenzake.

Kujipima

Njia hii kwetu bado changa. Novemba 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya 2008, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe na likashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha majimaji ya kinywani. Nikionyeshe kwa karibu, maana makosa mengi yako kwenye mikono.

Ni kifuko chenye sehemu mbili. Upande mmoja kuna kichupa chenye maji, upande mwingine kijiti bapa cha plastiki chenye pedi nyeupe kwenye ncha. Usile wala kunywa kwa angalau dakika 15 kabla, na kama umetoka kupiga mswaki ngoja nusu saa. Fungua kichupa kwanza, kisimamishe mezani. Usiguse pedi. Ipitishe kwenye ufizi wa juu mara moja, ufizi wa chini mara moja. Ni fizi hasa, shavu na ulimi haviko kwenye maelekezo. Chovya kijiti kwenye kichupa, tazama saa, kisha kiache. Majibu husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40. Mstari mmoja kwenye C, kipimo hakijaona kingamwili. Mistari miwili, C na T, kimeitika, na mstari wa T hata ukiwa umefifia kama wa penseli, ni mstari. Usipoona chochote kwenye C, kipimo kimeharibika, tafuta kingine.

*Usiri.* Hakuna njia inayoushinda huu. Ila kama mnalala watu wanne chumba kimoja, dakika 20 za kichupa mezani si siri tena. Kuna dada aliniambia alipimia chooni, ndoo ikiwa meza na simu ikiwa saa, huku mpangaji mwenzake akigonga mlango.

*Uhakika.* Kipimo ni kizuri, lakini ni cha kuchuja. Kikiitika, hujaambiwa kuwa una VVU. Umeambiwa nenda kituoni leo au kesho ukapimwe damu. Kisipoitika, na hujawa hatarini ndani ya miezi 3, unaweza kuyaamini majibu.

Lakini aliye tayari kwenye ARV, dawa za kufubaza VVU, asikitumie. Dawa zikifanya kazi vizuri kingamwili zinaweza kupungua kinywani, mstari wa T usitokee, na mtu akadhani amepona. Nchi hii inakumbuka 2011, magari yalivyojipanga kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichodaiwa kuponya UKIMWI. Nikiwaza foleni ile na vifuko hivi mfukoni mwa kila aliyekunywa, moyo unanienda mbio. Anayemeza dawa akitaka kujua maendeleo yake, kipimo chake ni wingi wa virusi, na hicho hufanyika kliniki.

*Gharama na muda.* Hutolewa bure vituoni na kwa wahudumu wa jamii kikiwepo. Ukikikuta kinauzwa dukani angalia tarehe ya kuisha na kama kifuko hakijafunguliwa. Muda ni wako, hata saa nane usiku. Ila saa nane usiku hakuna wa kumpigia.

*Kesho yake.* Hapa ndipo penye udhaifu. Kati ya mistari miwili chumbani na dawa mkononi kuna barabara nzima, na ni wewe wa kuitembea. Wengine hukaa na picha ya kijiti kwenye simu wiki tatu, wakiikuza na kuipunguza.

*Humfaa* mtu aliyekataa njia zote nyingine, hasa mwanaume ambaye mkewe amepima kliniki ya wajawazito akamletea kifuko; anayetaka kujiandaa kabla ya kwenda kituoni; na aliyezoea kupima kila baada ya miezi michache. *Hakimfai* anayelazimishwa. Ukiwa umeshikiwa kipimo na mtu anayesimama mlangoni akisubiri kuona mistari, hiyo siyo kujipima, na sheria haiko upande wake.

Majibu yakiwa ndiyo: kliniki ya karibu au ya mbali?

Uchaguzi huu huja siku ileile, kichwa kikiwa kimejaa, nao huamua mengi kuliko ule wa kwanza.

Kliniki ya karibu ni ya miguu. Ukiugua ghafla unafika, mvua ikinyesha unafika, na dozi haikatiki kwa kukosa elfu mbili ya nauli. Gharama yake ni macho ya mtaa. Kliniki ya mbali inakupa uso mgeni kati ya wageni, na watu hupanda daladala tatu kuupata. Wanaoanza na kliniki ya mbali huwa na bidii mwaka wa kwanza, kisha ada za shule zinakuja, tarehe inarukwa, halafu nyingine.

Hesabu hiyo sasa imebadilika kidogo. Aliyetulia kwenye dawa, virusi vikiwa vimefubazwa, anaweza kupewa dawa za miezi 3 au hata 6 kwa mara moja. Safari mbili kwa mwaka zinabebeka, hata kutoka Kigamboni hadi Mbezi. Lakini miezi ya mwanzo utaitwa mara kwa mara. Wengine huanzia karibu, wakitulia huomba uhamisho. Uhamisho ni haki ya kawaida, omba barua. Usijiandikishe upya kwa jina lingine kliniki ya pili, utapoteza kumbukumbu zako za vipimo na siku moja zitahitajika.

Jambo dogo ambalo hakuna kipeperushi kinachokueleza: kopo linalia. Vidonge tisini ndani ya plastiki, kwenye mkoba, kwenye daladala lenye mashimo barabarani, vinapiga kayamba. Watu huziba kwa pamba, au huhamishia vidonge kwenye kifuko. Pamba ni bora, dawa hukaa vizuri kwenye kopo lake.

Peke yako, mshauri mmoja, au kikundi?

Peke yako inawezekana, hasa sasa ambapo kwa wengi dozi ni kidonge kimoja kwa siku. Ila aliye peke yake hana wa kumwambia siku anapochoka kumeza. WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wanaofanya kazi kliniki, ni mlango wa katikati: mtu mmoja, anayekuelewa kabla hujamaliza sentensi, wala hulazimiki kujulikana na wengine. Kikundi, kama vile Konga za wilaya zilizo chini ya baraza la taifa la watu wanaoishi na VVU, NACOPHA, hukupa zaidi: vikoba, habari za dawa zikichelewa, sauti ukinyanyaswa. Na hukuweka wazi zaidi pia. Mwanachama mmoja akikosana na mwenzake, siri inaweza kutoka na chai. Vijana waliozaliwa na VVU naona wanafaidika mno na vilabu vya rika lao. Mkubwa wa miaka arobaini hawezi kuwaeleza namna ya kumwambia mpenzi wa kwanza.

Kwa hiyo, ukiwa katika hali hii...

Mjamzito: kituoni, kliniki ya kwanza kabisa, na mwenzako akikubali mwende wote. Mtoto wa mama mwenye VVU akiwa chini ya miezi 18 hapimwi kwa vipimo hivi, maana huonyesha kingamwili za mama yake. Damu yake huchukuliwa kwa kipimo maalumu kuanzia wiki 4 hadi 6.

Wachumba mnaoelekea kufunga ndoa: kituoni, pamoja, chumba kimoja. Majibu yakitofautiana yupo wa kuwaeleza kuwa asiye nayo anaweza kutumia PrEP, dawa kinga, na kwamba aliye nayo virusi vyake visipoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Dereva wa masafa, mchimbaji, mvuvi: hema likifika, ingia. Lisipofika, chukua kifuko ukipita kituoni, na ujue mapema kituo cha kuthibitisha kiko wapi kwenye njia yako.

Unayemfahamu kila mtu kwenye zahanati ya mtaani: vuka kata moja ukapime, au jipime. Ukianza dawa, suala la karibu au mbali litafakari upya baada ya miezi sita.

Unayepima kila wiki kwa hofu ya tukio lilelile la mwaka jana, na kila wiki ni mstari mmoja: kipimo cha kumi hakitakuambia jipya. Mtafute mnasihi, umwambie hofu, uache kidole kipumzike.

Na wewe baba uliyeletewa kifuko kutoka kliniki, kikawekwa juu ya kabati karibu na redio, leo siku ya nne: angalia tarehe nyuma yake, pima kabla hujanywa chai. Mistari ikiwa miwili, mwamshe mama watoto. Yeye tayari anajua foleni inaanzia wapi.